Heri ya Oktoba 11, Amitabh: salamu za muuguzi mstaafu kutoka Kikwajuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe salamu za heri kwa mtu asiyenijua wala hatanijua, ingawa mimi nimeishi naye tangu nikiwa msichana wa skuli. Tarehe 11 Oktoba ni siku ya kuzaliwa ya Amitabh Bachchan, mcheza sinema wa India, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji wa Allahabad. Siku hiyo ikifika, picha yake hujaa kwenye simu, watu wa rika langu hutumiana salamu na vipande vya nyimbo, na wajukuu zangu huniuliza: "Bibi, huyu mzee kakufanyia nini hasa?" Mwaka huu nimeona niwajibu kwa maandishi, tena mbele ya wasomaji wako, maana swali hilo wanaulizwa wazee wengi wa visiwani na wa bara.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini, kisha kwenye kliniki ya mama na mtoto, mpaka nilipostaafu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nimeshika kalamu kwa ajili ya ngumi na nyimbo peke yake.

Ingawa ngumi na nyimbo zina haki yake. Mjini kwetu Unguja kulikuwa na majumba matatu ya sinema: Majestic pale Vuga, Empire pale Darajani, na Cine Afrique. Mama yangu alianza kuingia enzi za zanana, maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo akina mama walijaza ukumbi na mabuibui yao, watoto mapajani, wakatoka jioni macho mekundu kwa kulia. Kizazi chake kilikuwa cha Raj Kapoor na Nargis. Sisi tukampata huyu, mrefu kupita wote waliosimama naye, mwembamba, mwenye sauti nzito ambayo Redio ya Taifa ya India iliwahi kuikataa alipoomba kazi ya utangazaji. Alianza mwaka 1969, akacheza picha kadhaa zisizofika popote, mpaka Zanjeer ya mwaka 1973 ikamtoa. Steringi wa Kihindi tuliyemzoea alikuwa mtu wa kuimba bustanini. Huyu alikuja kanuna, ana jambo limemkaa kooni, na kila kijana aliyekuwa hana kazi wala nauli aliona kwamba jambo lile ni lake.

Ikaja Deewaar, mwaka 1975. Hapa naomba nikae kidogo.

Marehemu kaka yangu alikuwa hamali bandarini Malindi. Alibeba karafuu zinazotoka na mchele unaoingia. Vijana wa leo hawajui hamali alikuwa nani katika mji huu. Akipita na mzigo watu walimpisha njia bila kumtazama usoni. Hakuna aliyefikiri kuwa mtu wa aina ile anaweza kutengenezewa sinema. Mara kaka anaingia Empire, anakaa mbele kwenye viti vya bei nafuu, anamwona steringi mwenyewe, yule yule aliye juu ya kila bango, amevaa shati la buluu la kazi kalifunga fundo kiunoni, kamba ya kubebea ipo begani, na ana beji ya chuma yenye nambari 786.

Kwa asiyejua, 786 ni jumla ya thamani za herufi za Kiarabu za Bismillahi Rahmani Rahim, na Waislamu wengi, khasa wa India, huiandika juu ya barua, milangoni na kwenye magari ili kupata baraka. Lakini ndani ya picha yule kijana si Muislamu. Ni Mhindu aliyegombana na mungu wa mama yake, haingii hekaluni, mama akienda kuabudu yeye hubaki nje kwenye ngazi. Beji ile anaithamini kwa sababu mzee mmoja Muislamu wanayefanya naye kazi gatini amemweleza maana yake. Siku moja beji inazuia risasi. Na siku inapomponyoka mkononi ndipo anapouawa. Ukumbi mzima, Mhindi na Mswahili na Mmanga na Mngazija, ulikuwa unaitazama ile beji kuliko uso wa mtu.

Kaka alirudi nyumbani usiku ule hakula. Asubuhi alitafuta kopo la rangi nyeupe lililobaki baada ya kupaka dirisha, akaandika 786 ubavuni mwa mkokoteni wake. Skuli hakumaliza, ile 8 ilimtoka imelalia upande mmoja. Ikichakaa kwa jua na chumvi aliipaka tena, na kila mara ile 8 alilalisha vile vile. Na jambo jingine alilolitoa kwenye picha ile ni hili: kuna mahali yule steringi, akiwa bado mtoto anayepiga watu viatu rangi, anakataa kuokota pesa aliyotupiwa chini, anataka apewe mkononi. Tangu siku hiyo tajiri akimtupia kaka yangu ujira juu ya gunia, kaka alisimama tu, kimya, mikono nyuma, mpaka mwenye mzigo aichukue mwenyewe na kumkabidhi. Wengine walimwita ana kiburi. Lakini baada ya muda mahamali wenzake wakawa wanafanya hivyo hivyo, na matajiri wakazoea. Mjukuu wangu akiniuliza huyu mzee katufanyia nini, la kwanza ndilo hilo: alimfundisha kaka yangu kudai heshima yake bila kutukana mtu.

Sholay sitaisemea mengi. Ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, na katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, ilionyeshwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Kila mtu wa umri wangu ana Sholay yake, na wote tulimlilia Jai, ndiye Amitabh, alipokufa.

Ninayotaka kuitaja ni Amar Akbar Anthony, ya mwaka 1977, kwa sababu ndiyo inayonifikisha kwenye damu. Ndugu watatu wamepotezana utotoni, mmoja kalelewa na Wahindu, mmoja na Waislamu, mmoja na Wakristo. Mama yao, ambaye ameshapofuka, anagongwa na gari. Hospitali inahitaji damu, na watatu hao, bila kujua kuwa ni ndugu wala kuwa yule ni mama yao, wanalazwa vitandani sambamba. Damu inatoka mikononi mwao, inapanda kwenye chupa moja, inamshukia mama. Amitabh ndiye Anthony. Wakati ule nilikuwa nimeanza mafunzo ya uuguzi, na mwalimu wetu alitueleza darasani kwa upole kwamba damu haitolewi vile, kuna makundi, kuna kuipima kwanza, kuna kuangalia kama inapatana na ya mgonjwa. Tulimwelewa. Tukarudi tukaitazama tena, tukalia vile vile.

Miaka mitano baadaye ikawa kweli kwake mwenyewe. Tarehe 26 Julai 1982, huko Bangalore, wakipiga kipande cha ugomvi cha picha iitwayo Coolie, alikosea kutua akajigonga tumboni kwenye kona ya meza. Utumbo ukatoboka. Mtu asiye wa kazi yetu akisikia kajigonga tumbo anadhani ni jambo la kupaka dawa na kulala. Utumbo ukitoboka, uchafu wake humwagika ndani, na kila saa inayopita bila upasuaji inamsogeza mtu kaburini. Alipasuliwa, akapelekwa Bombay katika hospitali ya Breach Candy, akapasuliwa tena. Watu walipanga mistari nje wakitaka kutoa damu. Indira Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu, alikwenda kumtazama. Sisi huku habari tulizipata kwa redio na kwa wenye maduka waliokuwa na jamaa zao Bombay, na nakumbuka wazee wa mtaani kwetu wakiingiza jina lake katika dua baada ya sala ya ijumaa, mtu wa dini nyingine, wa nchi nyingine, wakiomba apone.

Tarehe 2 Agosti madaktari walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao, wanamdunga sindano juu ya sindano. Mkewe, Jaya, amesimulia kwamba alikuwa akimtazama kutoka nje, akaona kidole gumba cha mguu kikitikisika, akawaambia yu hai, endeleeni. Nimekesha na wagonjwa wengi. Najua maana ya kusimama miguuni mwa kitanda cha mtu, umeshaambiwa ujiandae, na wewe macho yako hayatoki kwenye kidole. Kwa sababu ya siku ile mashabiki wake humpa heri mara mbili kwa mwaka, tarehe 11 Oktoba na tarehe 2 Agosti. Na yule mwenzake aliyekuwa akipigana naye kwenye kile kipande, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi na aliyechukiwa na nchi nzima, Amitabh alimwita, akamwambia kosa si lake.

Coolie ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1983, Amitabh alikuwa hamali tena, safari hii hamali wa stesheni ya reli, Muislamu jina lake Iqbal, na beji yake ni 786. Pale anapojigonga, picha inasimama, maandishi yanatokea kueleza kuwa hapa ndipo alipoumia. Wale waliokuja kupiga mluzi na kushangilia wakakaa kimya kabisa. Na mwisho wa hadithi ulibadilishwa: Iqbal alikuwa afe, wakaamua aishi.

Sasa nije kwenye hiyo damu. Amitabh mwenyewe amesema mara nyingi kuwa damu iliyomwokoa ilitoka kwa watu wapatao 200, chupa 60. Mmoja kati yao alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuna aliyejua. Alirudi kazini, akacheza picha, akawa mbunge wa Allahabad kwa muda, akaacha siasa, na virusi viko ndani vinafanya kazi yao kimya kimya, kama mchwa ndani ya mlango uliopakwa rangi vizuri. Mwaka 2000, katika uchunguzi wa kawaida wa afya, akaambiwa robo tatu ya ini lake imeharibika. Tangu siku hiyo anaishi kwa robo iliyobaki.

Mtu wa hadhi ile angeweza kunyamaza. Ana nyumba yenye ukuta, ana madaktari wa kumfuata nyumbani, nani angejua? Yeye alisimama mbele ya watu akautaja ugonjwa kwa jina lake, akataja na kiasi cha ini kilichobaki, akaeleza alivyoupata, akawaambia watu wakapime na wachanje watoto. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimfanya balozi wake wa homa ya ini kwa nchi za kusini mashariki ya Asia. Hii ndiyo shukrani yangu kubwa, na nitaieleza kwa kisa kimoja kati ya vingi.

Wasomaji pengine hawajui aibu iliyouzunguka ugonjwa huu kwetu. Mtu akionekana nao anatengewa kikombe na sahani, taulo lake linaanikwa peke yake, uchumba unavunjika. Wapo wanaosema karogwa, wapo wanaosema kahaba. Ukimweleza mgonjwa kuwa anaweza kuishi miaka mingi, anakutazama kama unayemfariji maiti.

Siku moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, alinijia kijana, utingo wa daladala. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji na alihitaji damu. Kijana akajitolea, akapimwa, majibu yakarudi kuwa damu yake haiwezi kutumika. Aliyempa majibu alimkabidhi karatasi akaita jina linalofuata. Alikuwa ameikunja ile karatasi, akaikunja tena na tena, imebaki kipande kidogo anakifinya kwenye kiganja.

"Mama, naambiwa nisimguse mwanangu."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Mama mkwe. Kikombe changu keshakitoa nje."

Nilimkalisha kwenye benchi. Nilikuwa na maneno yote ya kitaalamu na najua yasingemuingia. Nikamuuliza kama anamjua Amitabh.

"Nani asiyemjua Amitabh, mama? Baba yangu alikuwa haangalii mwingine."

"Basi na yeye anayo. Hiyo hiyo uliyoandikiwa hapo. Aliipata kwa kuongezewa damu."

Akaninyanyulia macho. "Amitabh huyu huyu? Mbona anafanya kazi mpaka leo?"

"Anafanya kazi, ana wajukuu na anawapakata. Ila anafuata anayoambiwa na madaktari."

Hapo ndipo aliponipa nafasi ya kumweleza yale yaliyonipeleka skuli ya uuguzi: kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, haupiti kwa sahani, kikombe, kukumbatiana wala kumbusu mtoto kwenye paji la uso. Kwamba mkewe apimwe. Kwamba mtoto asikose chanjo ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, maana kinga ya homa ya ini imo ndani ya sindano ile ile. Kwamba yeye asiguse pombe, asimpe mtu wembe wake, na arudi kila atakapopangiwa ini lake liangaliwe. Aliifungua ile karatasi, akainyosha juu ya goti kwa kiganja, akaanza kuisoma kutoka juu. Nilikwenda kuzungumza na mama mkwe mimi mwenyewe, na huko nako jina la Amitabh lilifungua mlango, kwa kuwa bibi yule alikuwa mtu wa zanana.

Nimelitumia jina lake namna hiyo kwa miaka mingi. Hajui, hakuniruhusu, wala hakunikataza. Namshukuru.

Na kuna matone. Wenzetu wa India walipokuwa wakipambana na polio, alikuwa yeye kwenye televisheni akiwaambia wazazi wawapeleke watoto kupata matone mawili. Mwanzo alisema kwa upole. Baadaye wakampa maneno ya ukali, akawafokea wazazi kama anavyowafokea maadui kwenye picha, na akina mama wakaanza kujitokeza vituoni wakisema wamekuja kwa kuwa Amitabh amekasirika. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini India alionekana Januari 2011, na Machi 2014 kanda yao ikathibitishwa kuwa imeitokomeza. Kazi hiyo waliifanya watu wasiohesabika waliotembea kwa miguu na makasha ya barafu begani, na mimi nilifanya ya namna hiyo hapa kwetu, najua jua lake na najua milango inayofungwa ukibisha. Kwa hiyo najua pia ni kitu gani kubisha mlango ambao kabla yako ameshapita mtu anayesikilizwa. Virusi vya polio vilipoonekana tena Malawi mwaka 2022 na Tanzania ikalazimika kupitisha matone nyumba kwa nyumba, nilitamani tungekuwa na sauti ya namna ile hapa.

Kwa wastaafu wenzangu nina jambo moja fupi. Mwaka huo wa 2000 alipoambiwa habari ya ini, kampuni aliyoifungua miaka ya 1990 ilikuwa imeshaanguka na wadai wako mlangoni. Alikuwa na miaka 57, umri ambao mtumishi wa serikali anahesabu kiinua mgongo. Alikwenda kwa Yash Chopra, aliyemwongoza kwenye Deewaar, akamwambia waziwazi kuwa hana kazi, akapewa nafasi ya mzee mwalimu mkuu katika picha ya vijana. Akakubali pia kuendesha mchezo wa maswali kwenye televisheni, Kaun Banega Crorepati, ulioanza Julai 2000, ingawa waliomzunguka walimwambia televisheni itamshusha. Na wakati huo huo, kama alivyokuja kueleza mwaka 2014, alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, anameza dawa na kuvumilia maumivu, huku mbele ya kamera anawakaribisha wageni wake kwa tabasamu na kuwavutia kiti. Hilo nalo angeweza kulificha. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaojificha ninawajua.

Picha yake niipendayo zaidi siku hizi si ya ngumi. Ni Piku, ya mwaka 2015. Ni mzee mkaidi, kila siku tumbo limefunga, anazungumzia choo chake mbele ya wageni, na binti yake anamlea huku amechoka. Nimewauguza wazee wa namna ile na nimewaona mabinti wa namna ile, wanaofoka jikoni kisha wanarudi na uji wa moto. Mtu aliyekuwa akipiga watu kumi peke yake alikubali kuonekana vile, na bila yeye nisingedhani sinema inaweza kuangalia uzee kwa karibu namna hiyo bila kuudharau.

Wapo wanaompenda kupita ninavyoweza kuwafuata. Kolkata mashabiki wamemwekea hekalu. Mimi ni Muislamu, hilo siliwezi. Ninaloliweza ni dua. Lakini kuna jambo lake moja la kila Jumapili ambalo mtu wa mwambao analielewa bila kuelezwa. Watu hukusanyika mbele ya nyumba yake, Jalsa, huko Juhu mjini Mumbai, na yeye hutoka kuwapungia mkono. Kabla ya kutoka huvua viatu. Walipomuuliza kwa nini anatoka pekupeku, alijibu kuwa mahali pa ibada mtu huingia bila viatu, na wale waliokuja kumtakia heri ndio mahali pake pa ibada. Sisi tunaovua viatu mlangoni mwa kila nyumba tunayoiheshimu tunajua amesema nini.

Basi nawaambia wenzangu mtakaotuma salamu tarehe 11 Oktoba: tumeni. Wekeni nyimbo, wekeni picha za ujana wenu na mabugaluu yenu. Kisha wenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, nendeni benki ya damu. Damu yenu itapimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, na homa ya ini B na C, kipimo ambacho kingemwepusha yeye na yaliyompata. Mimi umri wa kutoa umenipita. Mwaka jana nilikwenda na wajukuu zangu, wale wale wenye maswali, nikakaa nao mpaka walipomaliza soda yao na biskuti. Mmoja aliogopa sindano, akaimba moyoni, ndivyo alivyoniambia. Mwaka huu wameshawaalika wenzao wa mtaani na mimi nimeahidi kupika urojo.

Kwako Bwana Amitabh, kama kuna mtu wa Mumbai anayesoma Kiswahili akufikishie: heri ya siku yako. Mwenyezi Mungu akupe siha, akulindie hiyo robo ya ini, akuweke na Jaya na wanao na wajukuu zako. Asante kwa ajili ya mahamali wa Malindi, na kwa ajili ya kila mgonjwa wangu aliyenyanyua uso aliposikia jina lako.

Na kwako Mhariri ombi langu la mwisho. Kila mwaka magazeti hutoa picha yake ya ujana, nywele zimeziba masikio, shati wazi kifuani. Mwaka huu, ukiichapisha barua hii, tafadhali tafuta ya sasa, yenye ndevu nyeupe na miwani, na uiweke kubwa.

Wako,

Muuguzi Mstaafu,
Kikwajuni, Unguja.